Hesabu Iliyoachwa Juu

Tuseme fundi ameandika draiva ya kamera kwa ajili ya Linux. Picha zinatoka safi, na wenzake wameikubali kazi. Lakini kuna kompyuta ambazo kamera ikigoma kuwaka mara moja tu, betri huanza kwisha haraka, na haitulii mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

Kila kifaa kina hesabu ya wanaokitumia. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, kerneli, yaani kiini cha Linux, haikilazi. Draiva ikitaka kukiamsha huita pm_runtime_get_sync, nayo huongeza moja kwanza, ndipo ijaribu kuamsha. Ikishindwa hurudisha namba hasi, lakini ile moja haiiondoi. Fundi akiona hasi anadhani hakupewa kitu, anaondoka. Ni kama mlinzi wa jengo aliyekuandika daftarini kabla hujagundua kuwa ofisi unayoiendea imefungwa: ukigeuka bila kuaga, taa zitawaka usiku kucha, maana daftari linasema kuna mtu ndani.

Simlaumu sana. Desturi ni kwamba fankisheni ikishindwa haikuachii deni, na kosa hili lilikutwa katika draiva nyingi hata mwaka 2020 kerneli ikaongezewa pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa huishusha hesabu yenyewe.

Ninayemhofia zaidi ni anayekuja kurekebisha kwa pupa. Anaona jina la zamani, anaweka jipya, anatuma kiraka cha mstari mmoja. Hakushuka kusoma mistari ya chini, ambako mwandishi wa kwanza alikwisha kuipunguza hesabu panaposhughulikiwa hitilafu. Sasa inapungua mara mbili. Kama kuna programu nyingine inayotumia kamera saa hiyo, moja iliyoondolewa ni yake, na kifaa kinaweza kulazwa katikati ya kazi. Kwanza tulipoteza chaji. Sasa tunapoteza picha, na hakuna atakayekishuku kiraka kilichopokelewa kama tiba.

Majaribio ya kawaida hayafiki huko, kwa sababu kamera nzima huwaka kila ikiitwa. Ni lazima kushindwa kuletwe kwa makusudi: fanya uamshaji ushindwe ili fankisheni irudishe hasi, kisha soma hesabu ya kifaa kabla na baada. Kama ilikuwa mbili, irudi mbili; ikiwa tatu au moja, kiraka hakijawa tayari kutumwa.