Jicho na Haki Zake

 

Jueni, enyi Waislamu, kwamba Mwenyezi Mungu katika Sura ya 90, kabla ya kumtajia binadamu zile njia mbili, amemkumbusha kwanza macho yake mawili. Basi na atazamwe mkulima wa Kaniha, huko Biharamulo katika mkoa wa Kagera, mbali sana na pwani. Huinua uso kutoka kwenye jembe lake akatazama upeo wa mbali, na yote mawili huyaona dhahiri, wala hajui ni kazi gani iliyofanyika punde hiyo. Ndani ya jicho, ambalo upana wake ni kiasi cha milimita 24 tu, mna lenzi laini: kwa kitu cha karibu huvimba, na kwa cha mbali hubapa. Mbele yake iko mboni, nayo si kitu ila tundu, hupanuka gizani na kufinyana juani. Na mbele ya yote kuna kioo kisicho na mshipa wa damu hata mmoja, kwani mshipa ungeizuia nuru. Riziki yake huipata kwa machozi na kwa maji ya ndani. Nyuma kuna utando upokeao sura ya kitu, nayo huja juu chini, kisha mshipa wenye nyuzi zipatazo milioni moja huichukua mpaka ubongoni, na huko ndiko inakofahamika sawasawa.

Baadhi ya Wayunani walidhani jicho ndilo litoalo miale. Aliyevunja hoja hiyo ni Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa yapata mwaka 965, akabainisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni.

Ama lenzi ile ikizeeka hupata ukungu, nao ndio mtoto wa jicho. Hapo watu wengi hukosea. Husema, "Ni kudra," wakamwacha mzee wao akiongozwa kwa mkono kwenda msikitini; na wengine humtilia maji ya majani, mpaka kile kioo kikafanya kidonda. Alikuwa na ugonjwa wenye dawa, sasa ana kovu. Wala dawa haipingani na kudra, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaamuru watu wajitibu. Yapata miaka elfu iliyopita Ammar bin Ali wa Mosul alitumia sindano yenye tundu kuufyonza ukungu huo. Siku hizi tabibu huiondoa lenzi yenye ukungu na kutia ya kutengenezwa, jambo lililoanza London mwaka 1949.

Iko hofu moja ya mcha Mungu, nayo yastahili jawabu: sala yake. Imepokewa kuwa Ibn Abbas, alipopofuka, aliambiwa atatibiwa kwa sharti asali amelala siku kadhaa, akakataa. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii, kama alivyoeleza Imam Nawawi, ni kwamba tabibu mwaminifu akisema hivyo, mgonjwa ana ruhusa kusali amelala. Na tabibu akikataza maji yasifike jichoni, mgonjwa ataosha sehemu nzima ya uso na viungo vingine, na kwa ajili ya jeraha atatayamamu. Pakiwa na kitambaa kisichoweza kuondolewa, atapaka maji juu yake pamoja na hiyo tayamamu; kisha akipona atazirudia sala hizo, kwa kuwa uso ni katika viungo vya tayamamu.