Mponyaji na Kikundi
Ikiwa Mungu ndiye mponyaji, mikutano ya nini? Shangazi huniuliza hivyo, nami niliyeacha pombe humjibu: Mungu huponya kwa kupitia watu. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe, alipobanwa na kiu yake hotelini, alipiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akampata daktari Bob Smith. Ndipo Alcoholics Anonymous (AA), ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulipoanza. Uchambuzi wa tafiti 27 uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa njia hiyo husaidia wengi kuacha kabisa. Katika kikundi chetu cha AA, seremala ambaye mikono bado inamtetemeka hunimiminia chai na kuniuliza nimelalaje. Siwezi kumdanganya, maana anajua kila pahali pa kuficha chupa. Katika sala naomba nguvu. Seremala ananidai ukweli. Anayetaka kupona anahitaji vyote viwili.