Deni la Mama Halilipwi Makaburini

Kila wiki magazeti ya nchi yetu hutoa picha za marehemu zilizoletwa na jamaa zao. Nyingi ni za akina mama wazee, wenye kitambaa kichwani na rozari shingoni, na chini yake watoto na wajukuu wameandika kwamba mpendwa wao amewatoka kimwili, lakini kiroho wangali pamoja naye. Ni desturi njema, wala hatuandiki leo ili kuilaumu. Twauliza jambo moja tu: mtoto asemapo kwamba anamkumbuka mama yake, asema nini? Je, kukumbuka ni kazi ya moyo peke yake, au ni deni lenye kudaiwa?

Tumtazame bibi wa Ntalikwa, hapa Tabora, katika nchi ya miyombo, mahindi na karanga. Hatumtaji mmoja kwa jina, maana wao ni wengi na maisha yao yafanana. Huyu amelea watoto wake mwenyewe, kisha amelea na watoto wa watoto wake, wale walioachwa na mauti na wale walioachwa na wazazi waliokwenda kutafuta kazi mjini. Viazi akavifanya michembe na matobolwa, akaviweka akiba ya miezi ya njaa. Jembe lake halikupumzika, wala mafiga yake hayakupoa.

Wala kazi hiyo si ya leo. Zamani za misafara, wanaume wa Unyamwezi walichukua mizigo mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi kwenda tu. Wako wanawake waliofuatana nao njiani. Lakini waliobaki ndio walioshika jembe na kulinda nyumba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya wapagazi ikafa, lakini waume na wana wakazidi kuondoka, wengine kwenda kukata mkonge huko Tanga. Historia yatuambia kwamba Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, na kwamba Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Mama za wale waliowachukulia mizigo haikuwaandika. Basi, kama sisi wana wao hatukuwakumbuka, nani atawakumbuka?

Lakini lipo jambo zito kuliko kusahau. Mwanamke aliyepuliza moto wa kuni kwa miaka 50, ndani ya jiko lililojaa moshi, macho yake huwa mekundu. Na katika nchi hii ya Wanyamwezi, na ya jirani zetu Wasukuma, akina bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo hayo, wakidhaniwa kuwa wachawi. Mtoto hufa kwa homa, jamaa huenda kwa mpiga ramli, naye humwelekezea kidole kikongwe anayekaa peke yake. Mara nyingine nyuma ya tuhuma lipo shamba ambalo mtu analitamani. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu albino. Ramli hiyo hiyo imewamwagia damu hata akina bibi. Fikirini, wasomaji wapenzi: moshi uliotupikia ugali wetu ndio uliofanywa shahidi wa kumhukumu aliyetupikia! Na mwenye kushika panga, naye alilelewa na bibi.

Wengine watasema: “Kutunza wazee ni kazi ya Serikali.” Ni kweli kwamba Serikali ina sehemu yake. Zanzibar ilianza mwezi Aprili mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, nasi twaisifu hatua hiyo. Lakini sheria haiwezi kushika nafasi ya mtoto. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; zikasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama naye alivyowatunza. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayotetea haki za wanawake ilikubali malalamiko ya wajane wawili Watanzania walioonewa kwa kanuni hizo. Nasi pia twaona kwamba ni dhuluma. Hata hivyo kanuni hizo zafichua jambo: maisha ya mama yamewekwa mikononi mwa dhamiri ya mwanawe. Dhamiri ikilala, mama hana kitu.

Bwana wetu aliwakemea wale walioweka mali yao wakfu kwa Mungu, wakiiita korbani, wapate kukwepa kuwasaidia baba na mama. Yatupasa kuogopa korbani ya siku zetu: jeneza la thamani, turubai, sare za msiba na ng'ombe wa matanga, kwa bibi ambaye mwaka mzima hakupata blanketi wala nauli ya kwenda zahanati.

Mtakatifu Monika alikuwa mama, tena bibi. Alipokuwa akifa huko Ostia, mwaka 387, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Aliomba tu akumbukwe altareni. Mjukuu wake Adeodatus alilia kwa sauti. Augustino, alipoandika habari za mama yake miaka kama 10 baadaye, hakuficha kwamba katika usichana wake alizoea kunywa mvinyo kwa siri. Alimkumbuka jinsi alivyokuwa, akawaomba wasomaji wamwombee. Kumbukumbu ya kweli haihitaji sanamu isiyo na doa. Yataka sala, na yataka tendo.

Maana deni la uhai halilipiki. Hakuna mtoto awezaye kumzaa mama yake, wala kumrudishia usiku aliokesha. Tena mdai akiisha kufa, deni halifi. Laenda kwa wale wanaosimama mahali pake. Ukimpenda marehemu bibi yako, basi yule kikongwe wa nyumba ya tatu, mwenye macho mekundu na asiye na mtu, ndiye mdai wako sasa.

Kwa hiyo, enyi watoto na wajukuu, ombeni Misa kwa ajili ya mama zenu waliofariki. Na siku hiyo hiyo pelekeni unga, sabuni na kuni kwa mama aliye hai. Likitajwa jina la bibi yeyote kwa mpiga ramli, semeni waziwazi mbele ya ukoo kwamba ni uongo, nanyi mkae karibu na mlango wake mpaka hasira ya watu ipoe. Mwenye kumlinda huyo amemkumbuka mama yake.