Mwalimu na Msaidizi Wake

Kila mwalimu wa Chuo Kikuu huvaa majoho mawili kwa wakati mmoja. Joho la kwanza ni la ualimu, na kazi yake ni kumwonyesha njia asiyeijua. Joho la pili ni la uhakimu, na kazi yake ni kupima nani amefika na nani amepotea. Mwanafunzi aketiye mbele yake huyaona majoho yote mawili, na aghalabu huliona la pili kabla ya la kwanza. Ndiyo sababu mwalimu amalizapo mhadhara wake akauliza kama kuna mwenye swali, mara nyingi kimya hutanda chumbani. Kimya hicho si dalili ya ufahamu, wala si dalili ya uvivu. Ni dalili ya busara ya kawaida ya binadamu: hapana mtu apendaye kuanika ujinga wake mbele ya yule atakayemhukumu kesho kwa ujinga huo huo.

Maswali yaliyokosa kuulizwa hayafi. Usiku huamka bwenini. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, ambako masomo mengi husomeshwa kwa Kiingereza na wanafunzi wengi walipata elimu yao ya msingi kwa Kiswahili, jambo hili huonekana waziwazi katika vikundi vya majadiliano. Jambo lililosemwa mchana kwa lugha moja hufumuliwa usiku na kusukwa upya kwa lugha nyingine. Yule aliyeelewa hueleza, asiyeelewa huuliza mara tatu bila ya haya, na wa tatu hugundua kwamba alidhani ameelewa kumbe sivyo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua; lakini hata mgonjwa asiyetaka kuficha huchagua tabibu wa kumfunulia.

Kutokana na maarifa haya ya tabia ya watu, vyuo vikuu vingi ulimwenguni vimeanzisha vituo vya msaada wa masomo. Humo wanafunzi waliotangulia, au wakufunzi walioajiriwa kwa kazi hiyo, huketi na wenzao kuwasaidia katika hesabu, sayansi au uandishi. Msaidizi hatoi alama. Hana ila joho moja. Swali lizaliwalo hapa ni hili: mwalimu ana wajibu gani kwa msaidizi huyu? Kwa sura yake laonekana kuwa swali la utawala, la ratiba na vyumba na fedha. Kwa asili yake ni swali la maadili, kwa kuwa lahusu aibu ya mtu, siri ya mtu na deni la mtu.

Pwani ya Afrika Mashariki haina ugeni na msaidizi wa namna hii. Katika vyuo vya Kurani, tangu zamani, mwanafunzi mkubwa amekuwa akimsikiliza mdogo asomapo ubao wake, akimsahihisha herufi na matamko kabla hajafika mbele ya mwalimu. Mwalimu hakuona kwamba heshima yake imepunguzwa kwa kazi hiyo, wala hakudhani kwamba sasa yeye amepumzika. Alikuwa baraza moja na wanafunzi wake, na sikio lake liliweza kusikia kila kosa. Chuo Kikuu kimewatenga watu hawa wawili. Mwalimu yuko katika idara yake, msaidizi yuko katika jengo jingine, na yawezekana mwaka ukaisha wasikutane. Ushirikiano ambao barazani ulikuja wenyewe kwa sababu ya mahali, chuoni hauji ila kwa nia.

Mahali ambapo nia hiyo haipo, mwalimu huangukia moja ya makosa matatu. Kosa la kwanza ni dharau. Mwalimu husema kwamba anayehitaji kusaidiwa hakustahili kuingia Chuo Kikuu, na msaidizi kwake ni fimbo ya kilema. Kosa la pili ni kutupa mzigo. Mwalimu huandika pembeni mwa kazi ya mwanafunzi kwamba aende kituoni, kisha hunawa mikono, kama mtu apelekaye saa mbovu kwa fundi akingoja kurudishiwa nzima. Mwaka 1984 Stephen North, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alichapisha makala mashuhuri akiwalalamikia wenzake juu ya fikira hii. Hoja yake ilikuwa kwamba kituo cha uandishi si karakana ya kutengenezea insha mbovu. Kazi yake ni kumkuza mwandishi, si kuisafisha karatasi. Kosa la tatu ni shuku. Mwalimu huona kila msaada kuwa mlango wa udanganyifu, na kila insha iliyonyooka kuwa imenyooshwa na mkono mwingine.

Makosa haya matatu yana mzizi mmoja. Kila moja lachukulia kwamba kasoro ni mali ya mwanafunzi peke yake, na kwamba mwalimu hana fungu ndani yake. Mzizi huo ulishikwa na kutikiswa katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City mwaka 1973, Deanna Martin alipoanzisha utaratibu mpya wa msaada wa masomo. Badala ya kuwatafuta wanafunzi dhaifu na kuwapa alama ya udhaifu, utaratibu ule ulitafuta masomo magumu, yaani yale ambayo kwa desturi wengi hushindwa au huyaacha njiani. Kila somo la namna hiyo lilipewa mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu. Huyu alihudhuria mihadhara upya pamoja na wengine, kisha akawaongoza katika vikao vya hiari vilivyokuwa wazi kwa wote, hodari na dhaifu. Hapana aliyeingia mle akahesabiwa mjinga kwa kuingia tu. Utaratibu huo umeenea tangu hapo katika nchi nyingi.

Mabadiliko hayo, ingawa yaonekana madogo, ni makubwa kwa upande wa haki. Kusema kwamba mwanafunzi ni dhaifu ni kumhukumu mtu. Kusema kwamba somo ni gumu ni kukiri hali ambayo wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, wamo ndani yake. Lakini kukiri huko kuna gharama. Somo haliwezi kuitwa gumu bila ya mwenye somo kukubali, na mwalimu mwenye kiburi huweza kusikia katika neno hilo lawama ya kwamba yeye hajui kufundisha. Zaidi ya hayo, lazima akubali kwamba msaidizi aketi katika mhadhara wake siku zote, akisikiliza kwa masikio ya wale wasioelewa. Kumkaribisha shahidi wa namna hiyo si jambo jepesi. Ni sadaka ya kwanza ya ushirikiano.

Sadaka ya pili ni kuacha kukisia. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Uri Treisman alikuwa angali mwanafunzi wa shahada za juu alipotaka kujua kwa nini Wamarekani weusi wengi walishindwa hesabu za kalkulasi. Walimu walioulizwa walikuwa na majibu tayari: wanafunzi hawana bidii, hawakuandaliwa vema shuleni, jamaa zao hawawahimizi, fedha hawana. Treisman hakutosheka na majibu. Alikwenda kuwatazama wanafunzi ishirini weusi na ishirini wenye asili ya Kichina, namna walivyosoma na kuishi. Alikuta bidii na jamaa wenye kuthamini elimu. Alikuta vilevile kwamba wanafunzi weusi wengi walisoma peke yao, kila mtu na mlango wake, ambapo wenzao wa Kichina walikutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Tena msaada uliotolewa na chuo uliepukwa na wengi, maana ulikuwa na harufu ya unyonge.

Dawa aliyoitengeneza ilikuwa kinyume cha desturi. Aliunda vikundi vya kufanya kazi pamoja, akavipa maswali magumu kuliko yale ya darasani, na kuviita vya watu watarajiwao kufanya vizuri sana. Walioshiriki walifanikiwa kuliko wenzao wasioshiriki. Funzo kwa mwalimu yeyote ni wazi. Sababu za kushindwa alizozibuni akiwa ofisini zilikuwa na sura ya hekima, lakini hazikuwa maarifa. Maarifa yalipatikana pale mtu alipokwenda mahali wanafunzi wasomapo. Msaidizi yuko mahali hapo kila jioni. Mwalimu asiyezungumza naye amefunga dirisha la pekee linaloelekea upande huo wa nyumba.

Lakini hapa ndipo ugumu wenyewe wa maadili uanzapo. Ikiwa msaidizi ni dirisha, mwalimu ana haki ya kuona nini kupitia kwake? Tuseme wanafunzi kumi na watano wamefika kituoni juma moja wakiwa na kosa moja. Mwalimu akisikia habari hiyo huuliza kwa pupa: akina nani? Huenda anauliza kwa huruma, akikusudia kuwasaidia. Hata hivyo mwanafunzi haoni nia iliyo moyoni. Aonacho ni kwamba joho la uhakimu limerefushwa hadi chumba alichodhani kuwa ni cha salama. Kesho hatakuja, na ujinga wake utarudi mafichoni. Alichokisema kwa msaidizi kilikuwa amana, na amana haiwi mali ya mtu mwingine kwa sababu mtu huyo ana cheo.

Kanuni ifaayo basi ni hii: makosa na yasafiri, majina yabaki. Msaidizi amwambie mwalimu kwamba wengi wamekwama katika hatua ya tatu ya hesabu, au kwamba swali la insha lafahamika kwa maana mbili. Asimwambie ni nani aliyekwama. Jina litoke kwa ridhaa ya mwenyewe tu, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini, maana hapo kunyamaza hakuwi uaminifu tena. Kanuni hii yamnyima mwalimu kitu kidogo na kumpa kikubwa. Yamnyima orodha ya watu. Yampa ramani ya kutofahamu, ambayo mtihani humwonyesha kwa kuchelewa, wakati wa kurekebisha umekwisha kupita.

Amana ina pande mbili. Kama mwalimu asivyopaswa kumpora msaidizi siri, ndivyo msaidizi asivyopaswa kumpora mwalimu haki yake. Asiandike kazi ya mwanafunzi, asibashiri mtihani, asimteke mwanafunzi kwa kumsengenya mwalimu. Lakini haki haiwezi kuheshimiwa ikiwa mipaka yake haikutajwa. Mwalimu asiyesema ni msaada gani ruhusa na upi marufuku humtia msaidizi katika njia panda: akisaidia sana ataitwa mwizi, akisaidia kidogo ataitwa mzigo wa bure. Kwa sababu hiyo mwalimu ana deni la kumpa msaidizi vitu vichache mwanzoni mwa muhula: muhtasari wa somo, maswali yatakayofanyiwa kazi, kazi moja au mbili za zamani pamoja na sababu za alama zilizopewa, na kauli ya wazi juu ya mipaka. Vitu hivyo havina gharama ya fedha. Vina gharama ya kukubali kwamba kipimo cha kazi bora si siri ya mwenye kupima.

Yuko atakayesema kwamba wema huu wote utalea wanafunzi legelege, na kwamba kizazi kilichotangulia kilisoma kwa taabu bila ya vituo wala wasaidizi. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa taabu kweli hufundisha. Lakini ziko taabu mbili. Iko taabu ya kupambana na jambo gumu, nayo ni ya lazima, na msaidizi mwema hamwondolei mtu taabu hiyo. Humwuliza swali jingine, akangoja. Na iko taabu ya kupotea gizani bila ya kujua kama njia ipo, nayo haifundishi ila kukata tamaa. Wale waliofaulu zamani kwa kutosaidiwa huonekana na kusimulia. Wale waliopotea kwa kutosaidiwa hawapo chuoni kusimulia upande wao. Aidha wengi wa waliofaulu, wakikumbuka kwa insafu, watamkumbuka mwenzao mmoja aliyewaeleza jambo fulani usiku, ambaye hakulipwa wala hakutajwa katika shukrani za tasnifu yoyote.

Msaada mwema hujulikana kwa mwisho wake: humfanya msaidiwa asiuhitaji tena. Ushirikiano mwema wa mwalimu na msaidizi hujulikana kwa dalili nyingine, nayo huonekana darasani. Mwalimu aingiapo asubuhi, kabla ya kuanza jambo jipya, aweza kusema kwamba jambo la juma lililopita limewatatiza wengi, na kwamba pengine lilielezwa kwa haraka. Halitaji jina la mtu. Huandika ubaoni kosa lile lililoletwa kwake na msaidizi, akaonyesha kwa nini kosa hilo ni la akili inayofikiri, kisha akaonyesha linapoachana na kweli. Katika safu za nyuma yuko mtu anayelitambua swali lake. Anajua kwamba siri yake haikutolewa, na anajua tena kwamba hakuwa peke yake. Mwalimu akiuliza siku hiyo kama kuna mwenye swali, huenda mkono mmoja ukainuka.