Mizani ya Mcheza Karata

Je, mtu akilala vyema, akala kwa kiasi, akatembea asubuhi na akawa na watu wa kurejea kwao jioni, huwa mcheza kamari bora zaidi? Na ikiwa ndivyo, tuuite mwenendo huo wema, au tuuhesabu kuwa silaha moja zaidi mkononi mwake? Swali la kwanza wanaolijibu ni wengi. Walimu wa poka, mchezo huo wa karata uliokulia Marekani, siku hizi huwausia wanafunzi wao usingizi, mazoezi na utulivu wa moyo kama wafanyavyo matabibu. La pili aghalabu hupitwa kimya.

Najua msomaji wa visiwani atakunja uso. Kamari ni haramu kwa wengi wetu, nami sikukusudia kuihalalisha. Lakini tazama: Sura ya Al-Maida, katika aya ya 90 na 91, inapoikataza pamoja na ulevi, sababu inazozitaja ni uadui na chuki, na kuzuiliwa mtu asimkumbuke Mwenyezi Mungu na asisali. Hasara ya fedha haikutajwa hapo. Hoja imewekwa juu ya hali ya mchezaji, wala haikuwekwa juu ya mfuko wake. Hapo ndipo nami ninapotaka kusimama.

Katika namna ya poka inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote, na nafasi za kuweka dau ni nne. Tuseme mmoja ana ree mbili na mwenzake ana wafalme wawili, na wote wametia kila walichonacho kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Mwenye ree atashinda takriban mara 4 katika 5. Maana yake, karibu mara 1 katika 5 mtu mwenye karata bora, aliyefanya kila jambo kama ipasavyo, ataondoka mikono mitupu. Karata hazimo katika milki yake. Kilichomo katika milki yake ni uamuzi, na uamuzi hukaa mwilini. Mwaka 2000 watafiti Williamson na Feyer walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba mtu aliyekuwa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya majaribio ya wepesi na umakini sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake, na katika baadhi ya majaribio humzidi kwa ubovu. Kumbi nyingi za kamari za Las Vegas, ndugu msomaji, zinajulikana kwa kutokuwa na madirisha wala saa ukutani.

Wachezaji hao wana neno lao, tilti, lililotoka katika mashine za kuchezea gololi: mtu akiitikisa au akiiinamisha mashine kwa nguvu, hujifunga na mchezo ukakatika. Kwao ni hali ya yule aliyepoteza asichostahili kupoteza, akaanza kucheza ovyo ili alipize. Mimi mfasiri neno hili limenihangaisha. ‘Hamaki’ inakaribia, na ‘kupandwa na mori’ ina nguvu zaidi. Walakini zote mbili zinaiacha nje furaha, ilhali mshindi naye hupatwa, akadhani bahati ya usiku mmoja ni akili yake. Mwisho nimeridhika na ‘kughafilika’. Halina hasira ndani yake, ni kweli, lakini lina jambo kubwa kuliko hasira: mtu yupo, macho yako wazi, na mwenyewe hayupo. Na ajabu ni kwamba neno la wacheza kamari limetufikisha pale pale zilipokuwa zimetangulia aya zile.

Sasa, lau utulivu ungekuwa sharti la ushindi, Stu Ungar asingeshinda kitu. Mtu huyu wa New York alichukua ubingwa wa mashindano makuu ya World Series of Poker mwaka 1980, akauchukua tena 1981, na baada ya miaka 16 ya kokeini na madeni akauchukua mara ya tatu, mwaka 1997. Hata ada ya kuingia, dola 10,000, hakuwa nayo. Alilipiwa na Billy Baxter, wakagawana zawadi ya dola 1,000,000. Lakini kisa kinachonikaa zaidi ni cha 1990. Siku ya tatu ya mashindano alikutwa chumbani hotelini hana fahamu kwa sababu ya dawa za kulevya. Kiti chake kikabaki kitupu. Sarafu za plastiki alizokwisha kuzikusanya mbele yake zilikuwa nyingi hata zikaendelea kukatwa dau la lazima, zamu baada ya zamu, wenzake wakitolewa mmoja mmoja, na yeye, hayupo, akamaliza wa tisa. Sijui kama ipo picha iliyo kali kuliko hiyo ya kipaji kinachoendelea kufanya kazi baada ya mwenyewe kuanguka. Mwaka 1998 Baxter alimlipia tena. Ungar akajitoa kabla ya karata kugawiwa. Tarehe 22 Novemba mwaka huo akakutwa amekufa katika chumba cha kupanga huko huko Las Vegas. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Basi mizani ya maisha haileti kipaji, wala ukosefu wake haukizuii kung’aa. Kinachobadilika ni muda. Erik Seidel, aliyemaliza wa pili nyuma ya Johnny Chan katika mashindano hayo mwaka 1988, alishinda taji lake la kumi la World Series of Poker mwaka 2023, yaani miaka 35 baadaye. Huyu ndiye aliyekubali kumfundisha Maria Konnikova, mwandishi na mwanasaikolojia, aliyesimulia mafunzo hayo katika kitabu chake The Biggest Bluff cha mwaka 2020. Mwalimu hakutaka kusikia malalamiko ya karata zilizomsaliti mwanafunzi. Alitaka kusikia mwanafunzi alivyofikiri. Sisi watunzi twaelewa. Mizani nane za kipande cha shairi hazimpi mtu fikra hata moja, lakini humzuia asimwage fikra zote katika mshororo wa kwanza.

Hadi hapa walimu wa poka na mimi tu pamoja. Tunaachana katika jambo moja. Wao husema: lala, kwa kuwa usingizi unalipa. Haya, na usiku ambao usingizi haulipi? Ipo kanuni ya biashara yao isiyofichwa, kwamba faida nyingi haitoki kwa mabingwa wenzako, hutoka kwa aliye dhaifu. Na akikaa mezani mtu mwenye fedha nyingi na ujuzi mdogo, mchezo kama huo hauachwi. Saa tisa za usiku, mtoto wako ana homa nyumbani, na mtu huyo anazidi kununua sarafu. Mwenye kulala kwa ajili ya faida hatalala usiku huo, wala hatakwenda nyumbani, na kwa hesabu yake atakuwa sahihi kabisa. Kiasi chake kilikuwa kimekodishwa, na mwenye mali amekuja kukichukua. Atakayenyanyuka ni yule tu aliyeipenda nyumba yake kabla hajaambiwa kwamba kuipenda kunaboresha mchezo.

Na tusimsahau wa upande wa pili wa meza. Utulivu wa bingwa huwa na thamani kwa kadiri mwingine anavyoukosa. Saburi yake hula katika papara ya jirani. Sijui wema mwingine unaohitaji hivyo upungufu wa mtu. Mkulima mwenye subira hamtaki mwenziwe awe na pupa, na nahodha mtulivu huwatakia utulivu mabaharia wake wote. Hapa mtu amekesha tangu jana, macho yamemwiva, mkono unatetemeka anaposukuma sarafu zake, na kumzunguka wamekaa watu saba wanane walioshiba, waliopumzika, waliofanya mazoezi asubuhi. Wote wanajua anachokihitaji. Katika meza ile hakuna hata mmoja mwenye faida ya kumwambia aende akalale.