Bei ya Gari na Aibu Iliyofunikwa Rangi

Ndugu Waislamu, muuza gari kuukuu ana haki ya kutaja bei aitakayo. Mtume (S.A.W.) alipoombwa kupanga bei za sokoni, alikataa. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Mwenye nayo leo akitaka mamilioni, hajadhulumu mtu.

Dhulma huanza pale kutu inapozibwa na kupuliziwa rangi, kilomita zikarudishwa nyuma, oili nzito ikatiwa ili injini isitoe moshi siku ya ukaguzi. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kimelowa. Akamhoji muuzaji kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akajitenga na kila mwenye kughushi.

Basi muuzaji wa Kibaha anayemwambia mteja wa Kisarawe, "Nauza kama lilivyo", huku akijua breki ni mbovu, hajasalimika. Fedha ile huenda ni kiinua mgongo cha mzee, na gari lile litashusha watoto vilima vya Pugu.

Mnunuzi naye aende na fundi, alinganishe namba ya chasisi na ya kwenye kadi. Wala asizushe kasoro ili mjane auze kwa bei ya kutupa. Na dalali asilete mteja bandia wa kupandisha bei. Hiyo ni najshi, nayo imekatazwa.

Itaje aibu kwanza, kisha utaje bei. Shilingi zitapungua, baraka itabaki.

Wabillahi tawfiq.