Kiti Kikumbukacho

Mwaka jana neno moja lilinisimamisha kalamu kwa siku tatu hapa Newala. Mfanyabiashara wa korosho aliyekuwa amenunua gari lililotumika kutoka Japani aliniletea kijitabu cha maelezo, toleo la Kiingereza, akaomba nimfasirie kurasa chache ili watu wa nyumbani mwake waache kubahatisha vitufe. Kazi ilikwenda bila taabu mpaka nilipofika kwenye kiti cha dereva. Kijitabu kilisema kiti hicho kina kumbukumbu. Neno tunalo, na mtoto wa shule analijua. Hata hivyo, katika Kiswahili nilichokulia mimi, mwenye kukumbuka ni mtu. Kitu hakikumbuki, hukumbusha. Kaburi hukumbusha. Harufu ya udi hukumbusha. Tofauti hiyo tumeitia ndani ya kitenzi chenyewe, kwa sauti moja tu, na sikuwa tayari kuibomoa kwa ajili ya kiti cha gari. Niliandika "kiti kinachohifadhi mkao", nikaikabidhi kazi, nikalipwa haki yangu. Swali lenyewe ndilo lililobaki mezani.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba haya ni mambo ya Muscat na Dubai peke yake. Magari haya hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakavuka Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi. Yakapita upande wa Lindi, kisha mengine yakaishia Masasi chini ya majabali yake, na mengine yakapanda huku juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandazwa miguuni pake. Minada ya korosho ikiisha na fedha zikishaingia, utayaona yamezidi. Ukiliwasha mojawapo, huenda mwanamke asiyeonekana akakuambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Huku hakuna kadi hiyo, naye hachoki kuiulizia. Na ukibonyeza kitufe cha kiti chenye namba 1, mara nyingine kiti huondoka chenyewe, kikasogea mbele, kikainuka kidogo, kikatulia pale alipokaa mtu fulani wa Japani, ambaye hakuwaza hata siku moja kwamba urefu wa miguu yake ungefika Newala.

Na ufunguo nao umebadilika. Rimoti, kama tunavyoiita, haiingizwi popote; hukaa mfukoni au mkobani. Mwenye nayo akigusa mkono wa mlango, gari hutoa mawimbi dhaifu yasiyovuka hatua moja au mbili, likiuliza. Rimoti hujibu kwa mawimbi mengine yaliyobeba namba ya siri. Gari likiikubali namba, mlango hufunguka, na ndani mtu hubonyeza kitufe injini ikawaka. Mercedes-Benz waliutia ufunguo wa namna hii katika S-Class mwaka 1998. Kiti chenye kumbukumbu ni cha zamani zaidi: Cadillac ya Marekani ilikuwa nacho mwaka 1957. Siku hizi, katika baadhi ya magari, viwili hivyo vimeoana. Rimoti ya mume ikikaribia, kiti hurudi nyuma; ya mke ikikaribia, kiti husogea mbele. Mwenye gari hupokewa kabla hajatia mguu ndani.

Sisi tunayajua mazungumzo ya namna hiyo. Ni hodi. Lakini hodi yetu hupigwa na anayekuja, na aliye ndani huuliza nani, akaisikiliza sauti. Ndani ya sauti mna mambo mengi: mna ugonjwa, mna deni, mna habari ya msiba ambayo bado haijatamkwa. Karibu hutolewa kwa mtu mzima pamoja na hali yake yote. Hodi ya gari imegeuzwa. Nyumba ndiyo iulizayo, na anayejibu si mtu bali kidude kilicho mfukoni mwake. Wezi wa Ulaya wamelielewa jambo hili vizuri kuliko wenye magari. Husimama wawili, mmoja karibu na nyumba akiwa na chombo cha kunasa na kurusha mawimbi, mwenzake kando ya gari. Rimoti iliyolala mezani huko ndani huitikia hodi ya mbali, na gari humfungukia mwizi kwa adabu zote.

Mtu ataniambia kwamba ufunguo wowote humfungulia mwizi aliyeushika. Ni kweli. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi akaja kukaa hapa Newala, na kitabu chake, kilichofasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909, kina picha za kitasa cha Wamakonde na ufunguo wake, alivyoviona kwa Jumbe Chauro, pamoja na namna ya kuuingiza ufunguo huo. Nimezitazama picha zile mara nyingi (pengine kwa sababu aliyekifasiri kitabu ni wa kazi yangu). Kinachonivuta ni hiyo namna ya kuuingiza. Ufunguo ule ulidai mkono uliouzoea. Ujuzi wa kuufungua mlango ulikaa kwa mtu, katika kiganja na kifundo, wala mlango haukujidai kumjua yeyote. Anayeingia ndiye aliyeujua mlango wake.

Leo tumeligeuza hilo, na tumefurahi kama watu waliopandishwa cheo. Nimemsikia mtu wa Masasi akijisifu, "Gari langu linanijua." Halimjui. Uwandani kwetu kuna lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani siku za unyago na jando. Heshima yote, na hofu yote ya watoto, huliendea lipiko, aliyelivaa hatajwi. Lakini aliyekwisha kupita jando anajua kwamba mle ndani mna mtu, na ngoma ikiisha mtu huyo atakwenda kwake kula ugali. Heshima tunayoipata kwa rimoti ni ya namna ile ile, ni ya kivazi. Tatizo ni kwamba hatukupita jando la rimoti. Tunadhani tunaheshimiwa sisi.

Kuna familia hapa jirani ambayo baba alifariki na gari likabaki. Mkao wake umo katika namba 1: nyuma sana, chini, mgongo umelazwa kama wa mtu anayesikiliza redio. Mama hulitumia gari kwa namba 2. Watoto wanapotaka kuhifadhi mkao wao katika 1 hukataa, wala haelezi. Fundi akija kuigusa betri, mama husimama hapo hapo, kwa kuwa katika baadhi ya magari betri ikichomolewa kumbukumbu hupotea. Nilijiuliza kama mwanamke huyu hakunishinda hoja. Kama kiti hakikumbuki, analinda nini? Nadhani analinda kikumbusho, kama mwingine anavyoitunza kanzu. Ila kanzu ilichakaa kwa mwili wa mwenyewe. Kola yake ina alama ya shingo, na alama hiyo iliwekwa na miaka. Mkao wa namba 1 uliwekwa kwa kidole, katika nukta chache, pengine siku gari lilipofika. Unaweza kuondoka kwa kidole vile vile. Kwa hiyo anayekumbuka pale ni mama, tena anakumbuka kwa kazi, kila siku anapobonyeza 2 na kuiacha 1. Kazi hiyo kiti hakiwezi kumfanyia.

Nisingeandika haya yote lau si dereva mmoja wa Masasi niliyesafiri naye kupanda Newala msimu uliopita. Ni mtu wa makamo, mfupi, dereva wa kuajiriwa kwa miaka mingi. Gari ni la tajiri wake, anayeliendesha mwenyewe Ijumaa tu. Siku nyingine sita, alfajiri hadi usiku, kwenye vumbi na mashimo, aliye kitini ni yeye. Nilimwona kabla ya kuondoka akisukuma vitufe vya pembeni kimoja kimoja: mbele, juu, mgongo. Nikamuuliza kwa nini asihifadhi mkao wake.

"Mzee wangu," alinijibu, "namba ni mbili. Moja ya tajiri, mbili ya mama. Mimi nakaa kwa mkono. Na nikirudisha gari nabonyeza moja, kiti kirudi kwa mwenyewe. Ndiyo amri."

Hapa ndipo nilipoona kwamba shabaha yangu ilikuwa nje ya kiti. Kuna watakaosema kwamba katika nchi ambayo mwanamke wa uwandani amehangaikia ndoo ya maji tangu enzi na enzi, kuulizia namba ya kiti ni anasa. Sikubali. Zamani za kiti cha wenzo, tajiri alipoingia garini alikikuta kiti pale dereva alipokiacha. Magoti yaligonga usukani, akaguna, akavuta wenzo. Katika mguno ule alikuwa amekutana na mtu. Alijua, kwa magoti yake mwenyewe, kwamba kuna mwenye miguu mifupi anayeishi humu siku sita. Sasa hakutani na yeyote. Kila jioni alama ya dereva hufutwa na dereva mwenyewe, na tajiri hukikuta kiti kana kwamba hakuna aliyekikalia tangu Ijumaa iliyopita. Tumekisifu kiti kwa kukumbuka, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ni kusahau. Mmoja hukumbukwa kwa gharama ya mwingine, na mashine haina kosa, maana haiwezi kumpuuza mtu. Anayepuuza ni mtu, na kiti humsaidia asijione akipuuza.

Kama ningeulizwa nani anastahili namba 1, ningesema ni yule ambaye mgongo wake unakilipia kiti. Umiliki humpa mtu haki ya kuamuru liende wapi gari na lilale wapi. Sioni jinsi unavyompa haki ya kufuta nyayo za anayemtumikia. Nilimweleza dereva hivyo, tukiwa tunaukwea mteremko wa uwanda, na nikamshauri aombe namba moja kati ya zile mbili.

Alicheka, akabadilisha gia. "Nikiombe kitu ambacho siku wakiniachisha watanifuta nacho kwa kidole? Sasa hivi hawana cha kunifutia."

Sikuwa na jibu, na bado sina la kuniridhisha. Nilitaka kumwambia kwamba aliyefutwa alau aliandikwa, lakini maneno hayo ni mepesi kinywani mwa asiyeajiriwa. Tulipomaliza shughuli za Newala na kurudi Masasi ilikuwa usiku. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya tajiri, akabonyeza 1, akashuka upesi kabla kiti hakijaanza kurudi nyuma, akapiga hodi mlangoni ili aikabidhi rimoti. Ndani wakauliza nani. Akataja jina lake.